Tuko wa Kutosha

Mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na minane, nilikubali ng'ombe wangu wahesabiwe. Shida zangu zote zimeanzia hapo, na anayetaka kunicheka acheke.

Alikuja mtu wa serikali na daftari, akasema ni kwa ajili ya chanjo. Sisi wa nyanda za juu, kule Kivu ya Kusini, ng'ombe hatuwahesabu. Tunawajua. Jioni wakirudi unasimama mlangoni pa zizi, unawaangalia wanavyopita: yule mweusi wa mgongo mweupe, yule mwekundu wa pembe moja, mama yake, ndama wake. Akikosekana mmoja unaliona pengo, kama ulimi unavyolijua pengo la jino. Ukisema kwa mdomo “ninao kadhaa na kadhaa”, umekionyesha kitu fulani mahali pa kuja kuchukua. Baba yangu alikufa bila kutaja idadi ya ng'ombe wake wala ya watoto wake. Mimi nikaitaja mbele ya watu, kwa sauti, kwa sababu yule wa daftari alikuwa na viatu vizuri na nilitaka aone kwamba mimi si maskini. Miezi mitatu haikuisha, vita vikaja. Walichukuliwa wote, mpaka ndama aliyezaliwa wiki ileile, ambaye hata kwenye daftari hakuwemo.

Waliosoma wataniambia vita vingekuja tu. Najua. Majirani ambao hawakuhesabu nao walinyang'anywa. Hilo pia nalijua. Lakini mimi ndiye niliyetaja.

Njia ya kutoka kule mpaka hapa sitaieleza. Walioipita wanaijua, na wasioipita huuliza maswali ya kijinga. Nilifika Brussels na mama watoto na watoto, tukapelekwa kwenye ofisi ya kuomba ukimbizi, mimi chumba changu na yeye chake. Bibi wa ofisi akaniuliza kupitia kwa mkalimani, Mtanzania mmoja mpole aliyefunga tai, nina watoto wangapi.

“Wapo,” nikasema.

“Wangapi, mzee?”

“Wapo. Mungu ametusaidia.”

Mkalimani akaniinamia. “Mzee wangu, taja tu namba. Hapa hakuna mtego.”

Nikamwambia ataje wa kwake kwanza. Hilo hakulitafsiri. Chumba cha pili mama watoto aliulizwa swali hilohilo, akajibu palepale, tena kwa vidole. Kwa kuwa maneno yetu hayakulingana, faili letu lililala kabatini miaka miwili. Mama watoto ananikumbusha mpaka leo, kila nikikawia kutoa mifuko ya takataka.

Mimi nilisoma mpaka la tatu. Kifaransa nimekiokota sakafuni, maana kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha sakafu ya machinjio, Anderlecht. Ng'ombe wa hapa wanavaa namba sikioni, kipande cha plastiki cha njano, tangu siku wanayozaliwa. Nilipowaona mara ya kwanza niliona aibu kwa niaba yao. Nikaosha damu miaka minne, nikajifunza kisu miaka saba, kisha nikafungua duka langu la nyama, hatua chache kutoka Galerie d'Ixelles, lile jengo la maduka. Hakuna aliyenishika mkono. Jumamosi watu wanapanga mstari mpaka nje, Wakongo, Wasenegali, hata Wabelgiji. Kwato ninazouza zinababuliwa vizuri, hukuti unywele. Nasema haya ili mjue anayeongea si mtu wa kuonewa huruma.

Sasa rafiki yangu.

Tulizaliwa msimu mmoja, vilima viwili vinavyotazamana. Nilimpata tena hapa Brussels, kanisani, miaka mitano baada ya kufika. Yeye alikuwa anafanya kazi ya kuogesha wazee wa Kibelgiji kwenye nyumba ya wazee, na wazee walimpenda kwa sababu alikuwa anawaimbia. Hakuoa tena baada ya yaliyompata vitani. Kila Jumapili baada ya misa ya kwetu alikuwa anakuja kula kwangu, Saint-Gilles, na baada ya chakula tulikuwa tunabishana juu ya mchezo wa pete.

Huo mchezo nitaueleza mara moja tu. Unasokota mmea mbichi wa kutambaa wa porini mpaka uwe pete, mdomo wake kama wa kapu la viazi. Watu wanasimama kwenye mteremko, mistari miwili, wa huku na wa huku, kila mtu na fimbo yake iliyochongwa ncha. Mmoja anakaa juu, anaibingirisha pete katikati. Inashuka mbio, inaruka mawe, inayumba, na wewe unarusha fimbo yako ipite ndani yake, iipigilie chini. Ukikosa, fimbo yako wanaichukua wa upande wa pili. Upande ukiishiwa fimbo, umeshindwa, na walioshindwa wanakwenda kuwachotea maji ndama wa walioshinda. Ni mchezo wa wachungaji. Ulitusaidia kujua kurusha mkuki kabla hatujapewa mkuki.

Kurusha, mimi nilikuwa hodari. Kubingirisha, alikuwa yeye tu. Vilima vyote vile hapakuwa na mwingine. Alikuwa anaizungusha kwa kidole cha mwisho, pete inashuka imenyooka, unaisubiri, halafu inakata kona kama ndama aliyeona nyoka. Na kabla ya kuiachia alikuwa anaiita kwa rangi ya ng'ombe: “Anakuja mweusi wa doa!” Usicheke. Ukicheka ilikuwa imeshakupita.

Jumapili moja alikuja na simu yake, akaishika karibu na pua. Nikamwambia aivae kabisa kama miwani.

“Nyamaza weye, angalia,” akasema. “Angalia hawa bantu.”

Nikaangalia. Watu wa nchi za mbali, kule Asia katikati, wako juu ya farasi wananyang'anyana mzoga wa mbuzi. Wengine wanapigana mieleka wakishikana mikanda. Mzee ana tai mkononi, ndege mzima, mkubwa kuliko mtoto wa mwaka mmoja. Wanawake wanashindana kusimamisha hema.

“Ni michezo ya bafugaji,” akasema. “Ya dunia muzima, benye kuhama na banyama bao kama siye. Inafanyika kila miaka miwili. Na banaita Afrika nayo. Kuko ofisi hapa Brussels yenye kupokea majina.”

“Bon. Na wewe unataka kupanda farasi?”

Hakucheka. Akaiweka simu mezani, ikawa karibu idondoke, kwa sababu meza ilikuwa imeishia kabla ya alipodhani.

“Docteur amesema ni tension ya macho,” akasema. “Glaucome. Ninaona mbele tu, kama muntu anaangalia mu bomba. Na bomba inafungika. Amesema miaka miwili, labda haifike.”

Mama watoto akaacha kukusanya sahani.

“Minataka kuona ile,” akasema. “Ile tu. Farasi, hema, bale bantu. Na nibingirishe pete mara moja mbele yao, bajue nasi tulikuwa na mchezo. Kisha bomba ifungike, haina neno.”

Basi hilo ndilo lililokuwa linatafutwa. Macho ya mtu mmoja, kabla hayajafunga. Nikamwambia niachie mimi. Nilivyosema vile, mama watoto aliniangalia, maana anajua ninavyosema nikiwa najiona.

Nikawapigia simu wazee wa kwetu. Walikuja kutoka Liège, Namur, Antwerp, mmoja na treni mbili na mguu mbovu. Walikuja wa kutosha. Tulikutana kwenye ile bustani ya mteremko mpakani mwa Saint-Gilles na Forest, Jumamosi asubuhi, na baridi. Pete rafiki yangu aliisokota kutoka kwenye ule mmea unaopanda ukuta wa nyuma ya nyumba yangu. Mmoja wetu alikuja na tairi la baiskeli, akasema ni kitu kilekile na hakikauki. Rafiki yangu akalishika tairi, akalinusa, akamrudishia. “Hii ni ya kuendea posta,” akasema.

Fimbo tulinunua, zile za kuegemeza nyanya, za mianzi, tukazichonga kwa kisu changu cha duka. Mara mbili za kwanza hakuna aliyepiga kitu. Mikono ilikuwa imesahau. Mmoja alirusha fimbo, yeye mwenyewe akaanguka, akabaki kwenye majani anacheka peke yake. Mara ya tatu rafiki yangu aliita, “Anakuja mwekundu wa pembe moja!” Nikajua amemwita wa kwangu. Fimbo yangu ilipita katikati ya pete ikasimama ardhini inatetemeka. Watu wazima wale walipiga kelele mpaka madirisha ya upande wa pili yakafunguliwa.

Akaja mlinzi wa bustani. Akauliza kama hizo ni silaha. Rafiki yangu akamwambia, “Monsieur, ni fimbo za bazee. Angalia hiyo miguu, unafikiri tunaweza kufukuza nani?” Mlinzi akaangalia miguu yetu, akakubali. Akasimama kutazama. Pete ikashuka tena, na hapo mbwa wa mama mmoja wa Kibelgiji akatoka mbio, akaidaka hewani, akaondoka nayo.

“Mbwa ameshinda!” akapiga kelele yule wa mguu mbovu. “Bon, wote tukamuchotee maji!”

Na kweli, mmoja alikwenda bombani akaleta maji kwenye chupa, mbwa akanywa kutoka mkononi mwake, mama yule anaomba samahani, sisi tunacheka mpaka machozi. Siku ile ndiyo siku nzuri niliyonayo katika nchi hii. Naiandika hapa kwa sababu hakuna nyingine ya kuandika.

Karatasi za kuomba zilikuwa za kujaza kwenye simu. Mimi na herufi za Kifaransa hatuelewani, na rafiki yangu hakuona vizuri. Nikaenda kwa mama mmoja wa saluni, ndani ya Galerie, Mkatanga wa Lubumbashi, anayesuka huku anaandika huku anamgombeza mteja. Watu wengi wa Matonge, mtaa wetu Waafrika wa hapa, karatasi zao zimepitia kwenye vidole vyake. Siku ile alikuwa na dada mmoja kitini, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama wima.

“Papa boucher, muntu wa nyama, keti,” akasema. “Jina la mchezo tayari. Jina yako tayari, ya rafiki yako tayari. Sasa banauliza: wachezaji bangapi?”

“Tuko wa kutosha.”

“Kutosha haiingie mu hii case ya kujaza, papa. Inataka chiffre, namba.”

“Andika tuko.”

“Tuko njo ngapi? Deux, mbili? Vingt, ishirini?”

Dada wa kitini akasema, “Maman, weka dix, kumi tu, umalize kichwa yangu, minaenda ku mariage.”

“Ukiweka dix ninatoka,” nikasema.

Mama wa saluni akageuka, kitana mdomoni. “Papa, weye kila siku unapima nyama. Kilo, gramme, mifupa, yote unahesabu. Na pesa unahesabu vizuri sana, minakujua. Bantu njo unaogopa?”

“Nyama imeshakufa.”

Wakatazamana kwenye kioo. Halafu dada wa kitini akaanza kucheka, na mama wa saluni naye, mpaka akashika ukuta. “Ninyi bantu ba ng'ombe!” akasema. “Siye ku Lubumbashi tunahesabu mpaka wafu!”

“Hesabuni,” nikasema.

“Basi niweke nini? Bila chiffre haitumike. Ona, inakuwa nyekundu.”

Nikasimama, nikavaa kofia. Nikamwambia maneno ambayo kama ningeweza kuyarudisha, ningeyarudisha kwa duka zima na friji zake. Nikamwambia: “Weka unavyotaka. Lakini usinisomee.”

Akaweka. Alinisikiliza, hakunisomea.

Wiki sita zikapita. Alhamisi moja, saa kumi alasiri, dukani kumejaa, simu ikalia. Mwanamke wa ile ofisi, Mbelgiji, sauti ya adabu. Akasema wamefurahia sana ombi letu. Akasema wametupa nafasi mbili, ndege na malazi, katika hema la maonyesho. Tutasimama pale na pete yetu, watu watapita, tutawaeleza. Uwanjani hatutaingia.

“Kwa nini mbili?” nikauliza.

“Kwa sababu mliandika wachezaji wawili, bwana. Mchezo wa watu wawili hatuwezi kuuweka kwenye uwanja.”

Nikaelewa alichofanya mama wa saluni. Alikuwa na majina mawili, akahesabu majina. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa.

“Madame,” nikasema, “huo mchezo si wa wawili.”

“Basi niambie mko wangapi,” akasema. “Orodha inafungwa kesho. Nikipata namba leo naweza kujaribu. Sikuahidi, lakini najaribu. Mko wangapi, bwana?”

Nilikuwa nimeshika kisu kwa mkono mmoja. Wateja walikuwa wametega masikio, maana mimi kwenye simu naongea kwa sauti kubwa, na kila mtu alikuwa anasikia. Nikawaona wote. Wa mguu mbovu. Wa tairi la baiskeli. Yule aliyeanguka akacheka. Yule wa Antwerp mwenye kikohozi. Yule aliyemnywesha mbwa. Niliwaona wanavyopita mmoja mmoja kama mlangoni pa zizi, na namba ilikuwa tayari ulimini, fupi, neno moja. Nikamwona na yule ndama wa wiki moja.

“Bwana? Bado uko?”

Kama ilikuwa ni hofu, sijui. Kama ilikuwa ni wateja wananiangalia, na mimi sitaki kuonekana ninaulizwa maswali kama siku ile ya mkalimani, sijui pia. Nimeifikiria miaka na sijapata jibu. Nilichosema ni hiki:

“Sisi si vinyago vya kusimamishwa hemani. Kama ni mbili, hatuji.”

“Una uhakika?”

“Madame, mimi nina watu dukani.”

Nikakata. Wateja wengine wakapiga makofi. Papa mmoja wa Kinshasa akasema, “Voilà, muntu mwenye heshima!” Nikampimia nyama na kumwongezea kipande. Nilijisikia mrefu mpaka saa ya kufunga.

Jumapili rafiki yangu alikuja. Alikuwa ameshasikia kutoka kwa mama wa saluni kwamba ofisi imepiga. Alikaa bila kuvua koti.

“Bamesema nini?”

Nikamweleza yote, na nilivyojibu, na makofi. Nilidhani atapiga mkono mezani aseme nimefanya vizuri.

“Ulikuwa na nafasi mbili mu mukono,” akasema.

“Za kusimama kwenye hema kama sanamu.”

“Weye ungesimama kama sanamu. Miye ningeona.”

Mama watoto alikuwa mlangoni na bakuli la ugali, akabaki amesimama nalo.

“Uwanja ulikuwa unataka weye,” rafiki yangu akasema. “Miye nilikuambia macho. Ulisikia macho?”

“Nilisikia.”

“Ungeniuliza. Alo moja tu ya simu. Mbele ya kukata.”

“Orodha ilikuwa inafungwa kesho yake.”

“Kesho ni mbali, papa,” akasema. Hakuwahi kuniita papa. Umri wetu ni mmoja. Akasimama, akatafuta kitasa kwa vidole, akakipata, akatoka. Chakula kilikuwa bado cha moto.

Nilipiga simu kwa ile ofisi Jumatatu asubuhi. Nafasi zilikuwa zimeshapewa watu wengine, wa kucheza ngoma. Nilimwambia yule madame namba. Ndiyo, niliitaja, nimejifungia kwenye chumba cha baridi katikati ya mizoga, hakuna anayesikia. Akasema anasikitika. Nadhani alisikitika kweli.

Rafiki yangu hakuja miezi minane. Nikimtumia nyama, anapokea, anasema asante kwa aliyeileta. Kule Asia michezo ilifanyika, tukaiona kwenye simu kila mtu kwake. Halafu nyumba ya wazee ikamwachisha kazi, maana alimwogesha mzee mmoja na maji ya moto bila kuona bomba limeelekea wapi. Mzee hakuumia sana. Lakini kazi iliisha. Siku ile alikuja kwangu mwenyewe, na tramu, na fimbo nyeupe waliyompa hospitalini. Hakusema amesamehe. Alisema, “Ile chumba ya chini ingali wazi?” Nikasema kipo, hakina mpangaji. Anakaa humo mpaka sasa. Kuhusu lile jambo hatujaongea tena, na kama mnangoja niseme tuliongea, mtangoja.

Macho yalifunga majira ya vuli yaliyofuata, mapema kuliko daktari alivyosema. Alikuwa anakunywa kahawa, akaniuliza kama umeme umekatika. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Miaka miwili ilipotimia ofisi ikafungua tena majina. Nikaenda saluni. Sikuvaa kofia, sikukaa. Nikamwambia mama wa Lubumbashi, andika.

“Wachezaji bangapi, papa?” Aliuliza polepole, kama anauliza mgonjwa.

Wa mguu mbovu tulimzika Liège. Wa kikohozi naye amekufa. Wa tairi alirudi kwetu, akasema bora afie kule, na kule tangu afike hatuna habari yake. Aliyeanguka akacheka sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, nilimtembelea, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Aliyemnywesha mbwa, wanawe wamemkataza kurusha kitu chochote.

“Deux,” nikasema, kwa sauti, wateja wanasikia.

Aliniangalia kwenye kioo. Ile namba ilikuwa ileile aliyoiweka mara ya kwanza, ila sasa ilikuwa kweli. Akaandika, akatuma. Hawakupiga simu. Ilikuja barua kwenye simu, mistari mitatu, kwamba maombi ni mengi na kwamba wanatutakia heri. Hata hema hawakutupa.

Michezo hiyo iliyopita tuliisikiliza pamoja, chumba cha chini. Nasema tuliisikiliza kwa sababu yeye anasikiliza na mimi ndiye ninayeona. Nashika simu, namweleza. Mimi si fundi wa kueleza.

“Farasi wanatoka,” nikamwambia.

“Bangapi?”

“Wengi.”

“Wengi njo nini? Miye sioni wengi. Sema bangapi.”

Nikaangalia. Walikuwa wanapita kwenye lango, mmoja mmoja.

“Un,” nikasema. “Wa kwanza mweusi. Deux, mwekundu, mguu mweupe. Trois.”

“Endelea.”

Nikaendelea mpaka treize, kumi na tatu, farasi na watu wake juu. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vya mkono wa kulia vinazunguka kidogo kwenye goti, kidole cha mwisho kimenyooka. Nilimaliza kuhesabu, nikangoja kitu fulani kitokee. Hakikutokea. Hakuna kilichobaki cha kuja kuchukuliwa kwa sababu ya mdomo wangu.

Kwa hiyo naweza kuandika hapa nilichonacho leo.

Nyumba moja, Saint-Gilles, vyumba vya kupanga vinne, paa linavuja upande wa ua. Duka moja la nyama, friji tatu, msumeno wa mifupa mmoja, visu kumi na moja. Gari moja la baridi, mlango wa nyuma haufungi vizuri. Suti mbili. Makaburi mawili yaliyolipiwa, langu na la mama watoto. Mke mmoja. Watoto sita niliozaa, wanne walio hai. Ng'ombe niliotaja mwaka 1996 walikuwa arobaini na watatu, na yule ndama, leo hakuna. Pete moja, imetundikwa juu ya radiator, imekauka, imepasuka sehemu mbili. Fimbo za mianzi tano. Wachezaji wawili, na mmoja haoni.